Asiyechagua Yeyote: Ilani ya Watu Wasiovutwa na Ngono, Kanda ya Ziwa

Sisi ni wanawake na wanaume wa Mwanza, Magu, Sengerema, Ukerewe na visiwa vya jirani, pamoja na wenzetu walio Musoma na Bukoba. Tunauza dagaa, tunafundisha, tunaendesha bajaji, tunauguza wagonjwa, tunasoma chuo. Wapo wanaoswali, wapo wanaosali. Kinachotukutanisha ni jambo moja: hatuna haja ya kulala na mtu. Hatukuikandamiza haja hiyo, hatukuiweka kando kwa nadhiri, wala haikuchukuliwa na mchawi. Baadhi yetu hawajawahi kuisikia tangu walipobalehe. Wengine huisikia kwa nadra, baada ya kumzoea mtu kwa miaka mingi. Wapo kati yetu wanaopenda kwa moyo wote na wanaotamani mwenza wa kuzeeka naye. Wapo wanaotaka watoto, na wapo wanaotosheka na ndugu, marafiki na kazi zao. Leo tunaanzisha harakati, na tunataka majirani zetu wa Igoma, Kirumba, Nansio na kwingineko wajue tunasimamia nini.

Kila aliyekulia Usukumani anaijua chagulaga, kama si kwa kuiona basi kwa kusimuliwa na bibi yake. Usiku baada ya ngoma, au jioni watu wakitoka mnadani, vijana wa kiume waliwakimbilia wasichana, wakamzingira mmoja, na kila kijana akajinadi: ng'ombe wa kwao, shamba lake la pamba, sifa zake uwanjani. Kisha sauti zote pamoja: chagulaga, mayu. Msichana akamgusa mmoja, waliobaki wakatawanyika. Wazee wengi wanaitetea mila hii wakisema ilimpa binti kauli. Hakuozwa kimyakimya na baba yake, alichagua mwenyewe mbele ya watu. Hoja yao ina uzito na hatuibezi. Lakini tumewauliza bibi zetu: je, kama msichana hakumtaka hata mmoja? Wanatujibu kwamba vijana hawakuondoka. Walimzingira mpaka achague, giza likizidi, na wapo waliomgusa yeyote aliyekuwa karibu ili tu wafike nyumbani.

Mbio zile zimepungua sana. Kuzingirwa kumebaki. Kunafanyika sebuleni, ofisini, kijiweni, kwenye maombi ya mkesha, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Binti wa leo anaweza kumkataa mwanaume wa kwanza, wa pili na wa kumi, na watu wakamsifu kwa msimamo wake, mradi waamini kwamba yupo wa kumi na moja anayemsubiri. Akisema hamsubiri mtu, hapo ndipo maneno yanapoanza.

Harakati hii inadai jambo moja, na madai mengine yote yanatoka humo: "simtaki yeyote" liwe jibu kamili. Lipokewe kama majibu mengine yanavyopokewa, na anayelitoa abaki mtu mzima mwenye heshima yake, mwenye nafasi kwenye ukoo, mwenye neno kwenye kikao.

Tueleze kuzingirwa huko kulivyo, maana wasiokupitia hudhani tunalalamikia utani wa mashemeji. Mtu akikaribia miaka 30 bila mchumba, ndugu huitana. Mara nyingi ni siku za msiba, kwa sababu ndipo wote wamefika: baba mkubwa kutoka Shinyanga, shangazi kutoka Geita. Anaitwa ndani, anaonyeshwa stuli. Baba mkubwa huanzia mbali, kwenye bei ya pamba, mvua zilizochelewa, pengo alilotuachia marehemu. Kisha anageuka: "Sasa wewe mwanangu, tatizo lako ni nini?" Hakuna jibu litakaloaminika. Akisema hana tatizo, anaambiwa anaficha. Akisema hajisikii, ni mgonjwa. Akinyamaza, basi kuna jambo baya zaidi, na wanawake waliokaa mkekani wanaangaliana. Anatoka pale akiwa amepewa mwaka mmoja wa kujirekebisha, na kuanzia siku hiyo kila simu ya nyumbani inaishia kwenye swali lilelile.

Mwanaume huambiwa jogoo wake hapandi mtungi. Siku mbili tatu baadaye binamu anamletea vumbi la Kongo kwenye kikaratasi, au namba ya mganga aliyoinakili kwenye nguzo ya umeme, palepale panapotangazwa nguvu za kiume, mvuto wa biashara na kumrudisha mke aliyetoroka. Mwenzetu mmoja alipelekwa gesti na kaka zake, wakalipia chumba na msichana, wakamsubiri nje wakinywa bia. Ndani walikaa kimya, yeye kitandani na msichana kwenye kiti, mpaka muda ukaisha. Alipotoka aliwadanganya, wakampigia makofi. Mpaka leo akikutana na kaka zake kwenye sherehe wanamkumbusha ushujaa ambao haukuwapo.

Mwanamke huambiwa ana jini mahaba: ameshaolewa na asiyeonekana, ndiyo maana hamtaki anayeonekana. Ama nyota yake imefungwa, ama ana nuksi. Mwenzetu mmoja wa upande wa Misungwi aliamshwa alfajiri, akafungwa kanga moja kifuani, akaogeshwa samba, ile dawa ya kuondoa mikosi na kuvuta waoaji. Anakumbuka majani yaliyosagwa yakimganda shingoni, baridi ya asubuhi, na shangazi zake wakiimba kwa furaha kwa sababu waliamini kwa dhati kwamba wanamfungulia njia. Baadaye alipelekwa kwenye maombi ya kufunguliwa, akasukumwa kichwa mpaka akaanguka, akalala pale chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa sababu alikuwa amechoka. Hatuwatukani shangazi hao. Walimpa walichokuwa nacho. Tunasema kwamba hakukuwa na ugonjwa wa kutibu.

Na dawa zikishindwa, wapo wanaotumia nguvu. Tuna wenzetu, wanawake kwa wanaume, waliolazimishwa na mtu aliyedai kwamba wakishaonja watapenda. Hakuna aliyependa. Walichobaki nacho ni hofu, na wengine mimba, na wengine virusi.

Kuna pia madogo ambayo kwa miaka yanakuwa makubwa. Mtu asiyeoa anachangia harusi tangu anapopata mshahara wa kwanza mpaka anapostaafu: kadi ya singo, kitchen party, send-off, kamati, sare. Hakuna siku ukoo utakaa kumchangia yeye. Akijenga nyumba mwenyewe Buhongwa, tofali kwa tofali, hapewi hata sufuria. Kwa mila ya Wajaluo wa Rorya na wa ng'ambo ya mpaka, binti mtu mzima aliyefariki bila kuolewa huzikwa nje ya uzio wa boma la baba yake. Tunawaambia wazee wetu, kwa heshima zote, kwamba jambo hilo linauma kuliko matusi yote ya kijiweni, maana matusi yana mwisho.

Sasa tuje mwaloni, kwa sababu hapa ziwani ngono haiishii kwenye mapenzi na uzazi. Ni sarafu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, mabaharia wanakaa nchi kavu, na pesa ya giza lililopita inaishia baa na vibandani. Kunapokuwa na giza, wanawake wanakaa ufukweni tangu alfajiri na ndoo na mabeseni wakiusubiri mzigo. Mitumbwi ikifika, anayepata ndoo za kwanza, dagaa wakiwa bado wabichi wa kung'aa na bei haijapanda, ni yule mwenye mtu wake mtumbwini. Ng'ambo, Wajaluo wanauita uhusiano huo jaboya. Upande wetu wengi hawauiti chochote, wanasema tu, "ana mteja wake." Mwanamke wa kawaida aliyenaswa humo angalau anaweza kujiambia kwamba atampata baharia anayempenda, wakaoana, mambo yakatulia. Kwa mmoja wetu njia hiyo haipo. Hakuna baharia atakayefaa. Kwa hiyo anachukua mzigo wa mwisho, uliolowa na kupondeka, anauanika kwenye mchanga wenzake wakiwa wameshaanua, na Kirumba anafika bei ikiwa imeshaporomoka. Anaonekana mzembe wa biashara, kumbe anakataa kulipia mara mbili.

Katika Nduru Beach, kaunti ya Kisumu, wanawake waliamua kuwa na mitumbwi yao wenyewe ili wavuvi wawe waajiriwa wao, na wakatangaza wazi kwamba hakuna ngono kwa samaki. Mafuriko ya 2020 yaliwarudisha nyuma vibaya, lakini walishaonyesha kwamba anayemiliki chombo ndiye anayepanga masharti. Tunataka mpango huo ufike Igombe, Kome na Ukara. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inaitambua rushwa ya ngono kuwa kosa, lakini inamwandama mwenye mamlaka anayetoa ajira, cheo au huduma. Tajiri wa mtumbwi hana ofisi, na mwanamke mwenye ndoo hana barua ya ajira. Vikundi vya BMU vinavyosimamia mialo vina uwezo wa kuweka utaratibu ulio rahisi kabisa: foleni, mizani ya wazi, bei inayotangazwa kabla mtumbwi haujafungwa. Hili halitawasaidia watu kama sisi peke yetu. Litamsaidia kila mwanamke mwaloni, na tunalidai kwa niaba yao wote.

Watu wa Mwanza si wageni wa mazungumzo ya ngono. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na tangu hapo ukanda huu umeulizwa, umepimwa na umefundishwa. Utafiti wa magonjwa ya zinaa uliofanyika vijijini mkoani Mwanza kati ya 1991 na 1994 ulionyesha kwamba kuyatibu vizuri magonjwa hayo katika vituo vya kawaida vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Dunia nzima ikatusoma. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja mradi wa MEMA kwa Vijana, ukaingia shule za msingi na zahanati katika jamii 10 za mkoa. Kazi hizo ziliokoa maisha, na baadhi yetu ni watoto wa watu waliookolewa. Lakini elimu tuliyoipata darasani ilitugawa mafungu matatu: anayesubiri, aliye mwaminifu kwa mmoja, na anayetumia kinga. Kote mle kulikuwa na dhana kwamba kila mtoto ana moto unaotakiwa kudhibitiwa. Mwanafunzi ambaye hakuwa na moto huo alikaa nyuma akiamini kwamba yeye ni hodari wa subira, akasifiwa kwa subira hiyo, akapewa uongozi wa klabu. Alipofika miaka 25 na sifa zikageuka lawama, hakuelewa alichokosea. Tunaomba sentensi moja tu iongezwe kwenye masomo ya afya ya uzazi: wapo watu wasiovutwa na ngono, nao ni wazima.

Sayansi imelifikia jambo hili polepole. Mwaka 2004 mtafiti Anthony Bogaert wa Canada alichambua majibu ya watu zaidi ya 18,000 wa Uingereza, akakuta kama 1 kati ya 100 akisema hajawahi kuvutwa kimwili na mtu yeyote. Mwaka 2013 mwongozo wa magonjwa ya akili wa madaktari wa Marekani uliweka wazi kwamba mtu anayejitambua hivyo asihesabiwe kuwa na ugonjwa wa kukosa hamu. Hatudai kwamba kipimo cha Uingereza ndicho cha Usukumani. Ila Mkoa wa Mwanza ulihesabiwa watu zaidi ya milioni 3.6 katika sensa ya 2022, na hata tungekuwa sehemu ndogo tu ya 1 kati ya 100, bado tungekuwa maelfu. Mtu ambaye hamu yake ilikuwapo ikatoweka, au anayeumwa, au anayesumbuliwa na hali yake, aende hospitali. Kuna sukari, kuna presha, kuna dawa zinazopunguza hamu, kuna sonona. Sisi tunamzungumzia yule ambaye hajapoteza kitu.

Tunajua tutaambiwa haya ni mambo ya kuja, yameletwa na simu. Simu zimetusaidia kupatana, hilo ni kweli. Lakini Waislamu kati yetu wanakumbusha kwamba aya ya 31 ya Suratun-Nur, inapowataja watu ambao mwanamke halazimiki kujistiri mbele yao, inawataja wanaume wasio na haja ya wanawake, na inawataja bila kuwalaani. Wakristo kati yetu wanakumbusha sura ya 19 ya Injili ya Mathayo, mstari wa 12, ambapo Yesu anasema wapo waliozaliwa hivyo tangu tumboni mwa mama zao. Vitabu vilivyotangulia nguzo zote za umeme vilishajua kwamba tupo.

Kanda hii imewaheshimu mapadre na masista tangu misheni ya Bukumbi ilipoanzishwa mwaka 1883, na Bukoba ilimtoa Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika, mwaka 1960. Hakuna anayemwita sista kikao amuulize tatizo lake. Basi jamii inaweza, ikitaka, kumwona mtu mzima bila ndoa na ikampa kiti cha mbele. Ila tusichanganye. Padre ameacha kitu kwa ajili ya utume, na heshima yake inatokana na kuacha huko. Sisi hatukuacha. Wapo wenzetu waliosukumwa seminarini na utawani na wazazi waliotafuta maelezo ya kuwaambia majirani, na wakaishi maisha ya wito usio wao. Tunawaomba viongozi wa dini wasiyapokee maombi ya namna hiyo kutoka kwa wazazi.

Tuna ushahidi mwingine wa karibu zaidi, huko Mara. Wakurya wana nyumba ntobhu: mwanamke mwenye umri, mjane au asiye na mtoto wa kiume, anatoa mahari ya ng'ombe na kumwoa mwanamke mwingine. Kitanda hakimo baina yao. Mke kijana huzaa na mwanaume, na watoto ni wa nyumba ya yule mama. Wanalima pamoja, wanalea pamoja, mmoja anamuuguza mwenzake uzeeni, na shamba haliendi kwa shemeji. Hatuipambi mila hiyo. Wapo mabinti walioozwa humo bila kuulizwa, na hilo tunalipinga kama tunavyopinga kuzingirwa kokote. Tunachokiona ndani yake ni kwamba wazee wa ukanda huu walishaweza kuitenga nyumba na kitanda, wakaona kwamba makao, urithi, malezi na matunzo vinaweza kusimama juu ya makubaliano ya watu wawili wasiolala pamoja.

Na tunamtaja Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa 1896. Riwaya yake juu ya Myombekere na Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapwa kwa Kiswahili Dar es Salaam mwaka 1980, na yeye akafariki mwaka uliofuata. Ndoa ile haina mtoto, ndugu wa mume wanasema maneno, wakwe wanamchukua binti yao. Myombekere hatafuti mke mwingine. Anakwenda ukweni, anaomba, anatozwa pombe ya ndizi, anahangaika kuipika, anamrudisha mkewe. Watoto wanakuja baadaye, na kitabu kinawafurahia. Lakini ule upendo ulishakamilika kabla yao, katika mitungi ile ya pombe na safari zile za ukweni. Si kitabu chetu sisi peke yetu, wala mwandishi hakutufikiria. Tunakipenda kwa sababu kinamwonyesha mtu wa ziwa hili akimpenda mwenzake kwa sababu ambayo ukoo haukuihesabu.

Kuhusu sheria tuna mambo mawili ya kusema. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyowekwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, kinamlinda mke asibakwe na mumewe pale tu wanapokuwa wametengana. Mke anayeishi na mumewe hana mlango wa kugonga. Wanawake wengi walio kama sisi wameolewa, kwa sababu hawakujua kwamba kutoolewa kunawezekana, na kila usiku kwao ni jambo la kuvumilia. Tunalitaka Bunge liondoe mwanya huo. Ridhaa haitolewi mara moja siku ya harusi ikatumika mpaka kifo.

La pili, wengi hutuambia kwamba ndoa bila tendo si ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 haisemi hivyo. Kifungu cha 39 kinasema ndoa ambayo tendo halikutimizwa, kwa kuwa mmoja hawezi au amekataa kwa makusudi, inaweza kubatilishwa; na mpaka mahakama iibatilishe kwa ombi la mmoja wa wanandoa, ni ndoa halali. Maana yake, wawili wakikubaliana tangu mwanzo kuishi bila tendo, hakuna mjomba, wifi wala mchungaji mwenye haki ya kwenda mahakamani kuwatenganisha. Tunawaomba makungwi wanaofunda mabinti, na walimu wa semina za ndoa makanisani na misikitini, walifundishe hilo pamoja na mengine yote wanayofundisha kwa uhodari.

Kifungu hichohicho kinatuwekea na sisi wajibu, na tunaukubali wote. Anayejijua kwamba hana haja asimwoe mtu kwa kumficha. Kumwingiza mwenzako kwenye nyumba ambayo atalala peke yake bila kuambiwa ni kumdhulumu, hata kama ukoo ulikubana. Kabla ya mahari kupokewa, aseme. Akishindwa kusema mwenyewe, harakati itampa mtu wa kusema naye. Na walio ndani ya ndoa tayari wakiwa na siri hiyo, tutawasaidia kuifungua kwa usalama, tukijua kwamba kwa baadhi yao ukweli utaleta talaka, na kwa baadhi utaleta fimbo.

Hatuna ugomvi na wanaopenda ngono. Harusi zenu tutacheza, watoto wenu tutawabeba, na wengi wetu ndio tunaowalipia ada. Wala hatutajinunulia kukubalika kwa kumtukana mtu mwingine anayesakamwa kwa mapenzi yake. Anayetutaka tufanye hivyo ili atuone wema, tutamkatalia. Msimbe, mjane anayekataa kurithiwa na shemeji, mwanaume asiyepata mtoto, mama mwenye dagaa waliolowa: hawa ni watu wetu, iwe wana haja au hawana.

Tunaanza na kazi zilizo ndani ya uwezo wetu. Kila mwanachama ataandika wosia, kwa sababu asiye na mwenza wala mtoto akifa bila wosia, nyumba aliyojenga hugawanywa na watu waliomcheka, na rafiki aliyemuuguza hutolewa nje na begi lake. RITA inaandika na kutunza wosia, na tutakwenda kwa makundi ili mtu asione aibu. Mwanachama akiitwa kikao cha ukoo, hataenda peke yake. Wawili wetu watamsindikiza, mmoja wao mtu mzima wa kuheshimika, watawaamkia wakubwa inavyostahili, watasikiliza, na watasema yale ambayo mwenzetu ulimi unamkwama kuyasema. Mwanachama akilazimishwa kimwili, tutakwenda naye Dawati la Jinsia na Watoto polisi, tuchukue PF3, tufike hospitali kabla saa 72 hazijapita ili apate dawa za kuzuia VVU, na hatutamwacha mpaka ahudumiwe. Wenye mtaji kidogo wataanza kuchangia mtumbwi mmoja wa dagaa utakaouza kwa foleni. Wenye nafasi nyumbani watampokea aliyefukuzwa, kwa muda atakaohitaji.

Mlango wetu uko wazi kwa aliyetimiza miaka 18. Aliye chini ya hapo tutamsikiliza pamoja na mtu mzima anayemwamini, na tutamwambia kwamba hana haraka ya kujijua. Hatutamdai mtu uthibitisho, hatutamuuliza amelala na nani au hajalala na nani. Anayekuja leo akisema hana haja, na mwakani akagundua anayo, ataaga na kwenda na heshima zake, na michango yake ya mtumbwi atarudishiwa.